Unene wa Kucha

Jumatano aliuchemsha wavu, Alhamisi asubuhi akajua kwamba ameuharibu.

Alikuwa mfuma nyavu, mke wa mvuvi aliyeitwa Kimya, na ufukwe mzima wa ziwa ulimwita Fundi. Miezi mitano alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yao ya chumba na sebule, sindano ya mti mkono wa kulia, kibao cha kipimo mkono wa kushoto, akifunga fundo juu ya fundo mpaka uzi ukamchimbia mfereji kwenye kidole cha shahada. Uzi wenyewe ulinunuliwa kwa mabati ya jiko. Kimya alipanda juu siku moja akayang'oa yote sita bila kusema neno, akayapeleka kuuza, na tangu siku hiyo walipika chini ya mbingu. Mvua ikinyesha, sufuria iliongezewa maji na mgeni asiyealikwa.

Hawakuwa na njia nyingine. Wavu wao wa zamani ulichomwa moto ufukweni pamoja na wa wenzao, mwaka ule ilipotangazwa kwamba wavu wa kutega wenye jicho chini ya inchi nne ni haramu. Duka lililowauzia zile za macho madogo ndilo lililoleta za inchi nne, kwa bei ambayo mvuvi wa mtumbwi mmoja angeitafuta misimu miwili bila kula. Mwenye duka hakuchomewa hata uzi. Basi Fundi alisema atafuma mwenyewe, na alifuma. Wavu ulipokamilika, ukitandazwa ulitoka mlangoni kwao ukafika kisimani, mweupe kama meno ya mtoto.

Na weupe huo ndio ulioleta balaa. Wavu mweupe samaki anauona, anageuka. Ndiyo maana katika ukoo wa Kimya, tangu enzi za nyuzi za pamba, wavu mpya huchemshwa kwenye pipa la maji ya magome mpaka uwe na rangi ya damu iliyokauka. Hapo samaki hauoni, na mafundo hung'ata yasiteleze tena. Fundi alifanya hivyo. Akakoka moto alfajiri, akaugeuza wavu kwa mti mrefu hadi adhuhuri, akauanika. Asubuhi ya pili, kabla ya kufunga maboya, akatoa kwenye dari ile karatasi.

Karatasi waligawiwa siku ya mkutano wa kutangaza sheria hiyo. Ilikuwa na mhuri, maneno mengi, na mstari mmoja mweusi wenye urefu wa inchi nne kamili, ili hata asiyejua kusoma ajue jicho la wavu likivutwa liwe refu kiasi gani. Fundi alijua kusoma. Alikuwa ameukunja mstari ule katikati, akachonga kibao chake kwa upana wa ile nusu, maana jicho likivutwa hutoka mara mbili ya kibao. Sasa alichukua jicho moja, akalivuta kwa vidole gumba viwili, akaliweka juu ya mstari.

Mstari ulichungulia.

Akajaribu jingine. Akaenda katikati ya wavu, akaenda mwisho. Akapima arobaini. Kila jicho lilikuwa fupi kwa kiasi kile kile, kitu kidogo cha aibu, unene wa kucha.

"Umejikunyata?" mama mkwe aliuliza.

Bibi kizee huyo alikuwa ukutani, akikata maboya kutoka kwenye ndala kuukuu. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwa moshi wa kukausha samaki, lakini masikio yalikuwa yanasikia mpaka mtu anavyoshusha pumzi.

"Umepungua, mama."

"Lazima upungue. Uzi ukikutana na moto unajikunyata kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Sisi kibao chetu kilizidi unene wa kucha. Kile kilikuwa cha moto. Unaulisha moto chake, kinachobaki ndicho chako."

Fundi alikaa chini palepale kwenye mchanga. Kibao cha mama mkwe alikiona siku zote kimening'inia nyuma ya mlango. Siku ya kuanza kufuma alikipima kwa karatasi, akakikuta kimezidi, akacheka, akasema wazee walikuwa wakipima kwa kubahatisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na karatasi, mwanangu." Kisu kiliendelea kukata ndala. Hapakuwa na kejeli sautini, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Nikasema mwenye karatasi ndiye anayejua. Mimi watu wa karatasi nimewaona wakija mara mbili. Mara ya kwanza walikuja kutugawia nyavu za macho madogo. Walituambia zetu ni za kishamba, zinaacha nusu ya samaki ziwani. Tukapiga vigelegele, nikapiga na mimi. Wakaziita maendeleo. Mara ya pili wamekuja kuyachoma maendeleo yao, na faini wakatutoza sisi. Nikaona ninyamaze, nisije nikaonekana mchawi."

*

Ukaguzi ulikuwa Jumamosi. Wavu utakaopita utafungwa lakiri, mhuri wa risasi, kwenye kona, na mtumbwi wake utaruhusiwa kuingia ziwani msimu mzima. Usiopita utachomwa. Ambaye hataleta wavu siku hiyo atasubiri ukaguzi wa mwakani. Hayo yalikuwa kwenye karatasi. Habari ya kuchemsha haikuwamo. Aliyeiandika hakuwahi kuona pipa.

Kimya aliambiwa mchana huohuo. Alishika kona ya wavu, akaivuta, akaiachia. Kisha alienda kubeba mawe. Waliulowesha wavu, wakaupitisha juu ya kamba baina ya nguzo mbili za jiko lisilo na paa, wakaufunga mawe chini ukae umenyooka. Usiku na mchana ukavutwa. Ijumaa Fundi alipima. Jicho lililokuwa na jiwe lilifika kwenye mstari. Jiwe lilipotolewa, lilirudi taratibu, kama mtu anayerudi kulala baada ya kuamshwa bure.

Jioni hiyo akaja Mwenye Barafu.

Yeye ndiye aliyekuwa na ghala la barafu, la pekee ufukweni, na kwa kuwa samaki bila barafu hafiki sokoni, bei ya samaki ilikuwa ile aliyoamka nayo kichwani. Alikuwa pia na boti mbili zenye injini na nyavu za kukokota zenye mfuko mkubwa nyuma. Alimwita kila mwanamke shemeji na kila mwanamume ndugu, na alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni mwa watu akitazama dari kana kwamba anafikiria kuinunua. Alilitazama jiko, akaona mbingu, akatoa pole.

Alilokuja nalo alilisema bila kuzunguka. Wavu wake ulikuwa wa kiwandani, macho inchi nne, na kesho utapimwa na kufungwa lakiri. Ukishafungwa lakiri, hakuna anayeupima tena. Hapo ndipo hushonewa bitana ndani ya mfuko, wavu wa dagaa wenye macho ya kupitisha kidole kidogo, uliofichwa ndani ya ule halali kama suruali ya ndani. Kinachoingia hakitoki. Mzee aliyekuwa akimshonea alikuwa amepofuka. Alihitaji mkono wa Fundi, siku tatu tu, na atamlipa kwa mabati. Na kuhusu kesho, alisema, yeye na afisa wa ukaguzi wanafahamiana. Neno moja kutoka kwake, na kucha isingehesabiwa.

"Umejuaje kuhusu kucha?" Fundi aliuliza.

"Shemeji, umetundika wavu na mawe mbele ya ufukwe mzima. Hata kuku wanajua."

Fundi alimtazama mumewe. Kimya alikuwa anatazama miguu yake. Mama mkwe alikuwa ameacha kukata.

Yapo maneno ambayo mtu akishayasema mbele za watu yanamfuata kama mbwa. Siku ya mkutano, Fundi alikuwa mwanamke pekee aliyesimama. Alisema miaka mitatu amepasua samaki wa kukausha, mamia kwa mamia, na hajakuta yai tumboni hata mara moja. Hawajazaa, alisema. Hawajafikia hata kujua kuzaa. Tunakula mbegu, halafu tunauliza mbona shamba halioti. Afisa aliacha kuzungumza, akayaandika maneno hayo kwenye daftari lake. Waliochomewa nyavu hawakuyaandika, ila waliyakumbuka, na tangu siku hiyo alipopita kisimani aliitwa Mama Inchi.

"Bitana sishoni," alisema.

Mwenye Barafu hakukasirika. Alisema sawa, shemeji, dhamiri ni kitu kizuri, hasa kwa mtu aliye na paa. Akaaga kila mmoja kwa heshima.

*

Jumamosi walifika ufukweni mapema, Kimya na mkewe, wavu mabegani kama wanaobeba mgonjwa. Moto ulikuwa umeshawashwa kabla hata ya kupimwa wavu mmoja. Afisa, waliyempachika jina Bwana Kipimo, alikuwa amekaa kwenye meza chini ya mwavuli. Mkononi alikuwa na kabari ya bati, nyembamba mwanzo na pana mwisho, yenye namba zimechongwa ubavuni. Aliisukuma ndani ya jicho la wavu, ilipokwama akasoma namba.

Wavu wa Mwenye Barafu ulikuja baada ya watu kumi na wawili kuwa wameshapanga foleni, ukapimwa wa kwanza. Macho matatu. Namba ikasomwa kwa sauti, lakiri ikabanwa kwa koleo, na mwenyewe akatoa chupa za maji baridi kwa walio mezani.

Wa Fundi ulipimwa macho ishirini. Bwana Kipimo hakuwa mtu mbaya. Alipima kila jicho mara mbili, akavuta, akapuliza mchanga kwenye kabari, akapima tena. Mwishoni aliiweka kabari chini.

"Mama, wavu mzuri namna hii sijauona hata dukani. Lakini haufiki."

Ndipo Kimya alipofanya jambo ambalo watu walilizungumza kwa wiki nzima. Alifungua mdomo.

"Afisa. Ulifumwa inchi nne. Kisha ukapikwa. Ni moto umeuvuta."

"Kaka, karatasi haijui kupika. Inajua namba."

"Ule umepima macho matatu. Huu ishirini."

"Ule ni wa kiwandani, una cheti. Huu wa mkono. Wa mkono lazima nihakikishe." Akamgeukia Fundi, akaongea kwa upole wa mtu anayetegemea kueleweka. "Na wewe ndiye yule uliyesema tunakula mbegu, siyo? Maneno yako nimeyaweka kwenye ripoti. Wakubwa waliyapenda sana. Sasa nikikuachia wewe, hawa wengine niwaambie nini?"

Nyuma kwenye foleni mtu akasema Mama Inchi leo amepimwa na yeye. Mwingine akajibu kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Wakacheka. Hawakucheka sana, nyavu zao wenyewe zilikuwa mabegani na wengi walijua yanayowangoja.

Fundi alikuwa na jibu kifuani. Alitaka kuuliza ni samaki gani huyo anayepita kwenye inchi nne akashindwa kupita kwenye inchi nne kasoro kucha. Alitaka kusema njooni Jumanne mkapime ndani ya mfuko uleule mliouwekea lakiri. Alilisema hilo la pili, kwa sauti ya kawaida, na kila mtu alisikia. Mwenye Barafu alitikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyesingiziwa kwenye matanga. Bwana Kipimo alisema sheria inampa siku moja ya kukagua na meza moja, na petroli ya kurudi Jumanne hana.

Kisha akawapa karatasi ya kutia saini. Fundi aliisoma. Ilisema kwamba mwenye wavu, baada ya kuelimishwa, ameusalimisha na kuuteketeza kwa hiari yake.

"Hiari," alisoma tena.

"Ni neno tu la fomu. Asiyetia saini, na mtumbwi unashikiliwa."

Kimya alichovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza juu ya neno lile, akalifuta kwenye kaptura yake. Hata kuubeba wavu hadi motoni iliwabidi waubebe wenyewe. Nailoni haiungui kama mti. Inayeyuka, inatoa moshi mweusi, inadondoka matone yanayolia mchangani. Miezi mitano ya mafundo iliisha kabla foleni haijasogea watu wawili. Fundi alibaki amesimama hata mumewe alipokwisha kuondoka, mpaka kijana wa kuchochea moto alipomwomba asogee, tafadhali mama, nguo yako itashika.

*

Msimu ulipofunguliwa, Kimya alienda kuvuta kamba kwenye boti ya Mwenye Barafu. Mtumbwi wake mwenyewe ulipinduliwa nyuma ya nyumba, kuku wakataga chini yake. Bitana ilikuwa imeshonwa na yule mzee kipofu, kwa kupapasa, na ilifanya kazi. Wavutaji walilipwa kwa ndoo. Samaki wa kuuza alikuwa wa tajiri. Vidogo vilivyobaki sakafuni mwa boti vikagawanywa.

Ndoo ya kwanza Fundi aliimimina kwenye sinia mbele ya jiko. Hawakufika urefu wa kidole. Magamba hayakuwa yameshikana bado, yalitoka kwa kuguswa. Hakuchukua kisu, aliwapasua kwa kucha ya dole gumba, mmoja mmoja, akatazama ndani ya kila tumbo ingawa alijua. Alipasua wote. Mama mkwe alikula chake, kisha akasema kwamba hawa hata miba yao haijapata kuwa miba, unameza tu.

Walikula ndoo za namna hiyo wiki tano. Ya sita ilikuja nusu. Ya saba Kimya alirudi na ndoo tupu imening'inia kwenye kidole, akaiweka kizingitini, akakaa kando yake.

Bitana ilikuwa imechanika. Ilishika kwenye jiwe, ikapasuka mfuko mzima, na wavu wa nje peke yake ulivuta maji kutwa nzima. Samaki wakubwa wa kukamatwa na inchi nne hawakuwamo tena ziwani. Waliliwa walipokuwa wadogo. Wavutaji wote ishirini wameambiwa wasije mpaka bitana itakapozibwa, na mzee kipofu ameshindwa. Shimo ni kubwa mno, linataka mtu wa kufuma upya.

Fundi alisikiliza. Aliuliza kama wenzake wamemtuma.

"Wamenituma," Kimya alisema. Akaigeuza ndoo kifudifudi. "Mimi sikuombi."

Hilo lilikuwa ombi refu kuliko yote aliyowahi kumtolea mkewe. Ndani, mama mkwe alikohoa. Sufuria ilikuwa imefunikwa juu ya mafiga yasiyo na moto, ikiwa na maji ya mvua ya jana.

Asubuhi Fundi alishusha kibao chake kutoka darini. Pamoja nacho ilianguka ile karatasi yenye mstari. Aliiokota akawashia moto. Akakaa kizingitini, akaweka kibao pajani, akaanza kukichonga kwa kisu. Vipande vyembamba vilimwangukia miguuni. Kila mara alisimama, akakilinganisha na kidole chake kidogo, akaona bado, akaendelea. Alichonga ule upana alioupima kwa uangalifu kule mwanzo, inchi moja ikaondoka, ikaondoka nusu, mpaka kibao kikawa kijiti.

Mama mkwe alikuwa ukutani, uso umeelekea jua. Alisikia kisu, akajua ni kibao kinachochongwa; asichojua ni cha wavu gani, au alijua na akaona aibu kuuliza.

"Safari hii usisahau, mwanangu," alisema. "Ongeza unene wa kucha. Kile cha moto."

Fundi alipuliza vumbi kwenye kijiti, akakitia kwenye kikapu pamoja na sindano na uzi.

"Huu hauchemshwi, mama," alisema akisimama. "Wala hakuna atakayeupima."